Kidonda cha Leza Usoni: Maumivu na Uponaji Wake



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo zamani tusingefikiria kuliandika katika ukurasa huu, yaani kidonda kinachobaki baada ya mtu kufanyiwa matibabu ya urembo wa ngozi kwa leza. Wengine watasema hayo ni mambo ya watu wa mjini wenye fedha. Sisi tunaofanya kazi katika chumba cha vidonda tunasema hapana. Leza hufanyika mjini, lakini kupona hufanyika nyumbani, na nyumbani kwa wengi ni huku kwetu, kwa mama, penye moshi wa kuni, vumbi la barabara na jirani mwenye dawa yake.

BINTI ALIYEJIFUNIKA KANGA

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja alituletea binti yake mwenye umri wa miaka 24, anayefanya kazi dukani mjini. Binti alikuwa amejifunika kanga usoni hata macho yalionekana kwa shida. "Sista, mwanangu ameungua na mafuta ya kukaangia chipsi," mama alisema. Binti mwenyewe alituamkia shikamoo, kisha akanyamaza.

Tulipoondoa kanga tulikuta mashavu yote mawili yamevimba. Juu yake kulikuwa na unga wa njano wa kapsuli ulioganda pamoja na majimaji ya kidonda, mgumu kama ukoko. Mama alikuwa amefungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake, kama wengi wafanyavyo huku kwetu. Tulilowesha na kuosha polepole kwa karibu saa nzima, na binti alilia muda wote. Unga ulipotoka tuliona kitu ambacho mafuta ya moto hayakifanyi. Mafuta huruka ovyo, hapa tone kubwa, pale dogo. Mashavuni mwa binti huyu palikuwa na nukta ndogondogo zilizopangwa sawasawa, mstari kwa mstari, kama tundu za chekecheo.

Hata hivyo tulifanya kosa. Tulimwuliza mbele ya mama yake, naye akarudia yaleyale: mafuta. Tukafunga kidonda kama cha moto wa kawaida, tukampa vidonge vya maumivu, tukamwambia arudi baada ya siku 2.

Kesho yake alirudi peke yake, saa moja asubuhi, kabla dirisha la dawa halijafunguliwa. Hakuwa amelala. Maumivu, ambayo siku zilizotangulia yalikuwa yameanza kupoa, yalimrudia usiku kwa nguvu kuliko siku ya kwanza. Ndipo alipotueleza ukweli. Tangu sekondari alikuwa na chunusi kali zilizomwachia mashimo mashavuni. Aliweka akiba mwaka mzima. Dada yake alikuwa anakaribia kufunga ndoa, naye alitaka asimame kwenye picha bila kuinamisha uso. Siku ya Alhamisi alikwenda kliniki moja ya urembo, akafanyiwa leza, akapewa kurasa 2 za maelekezo kwa Kiingereza ambacho hakukielewa, akaona haya kuuliza. Ijumaa usiku akapanda basi.

"Kwa nini ulificha?" tulimwuliza. Akasema baba yake angemwambia amechezea uso aliopewa na Mungu.

Kuzunguka mdomo wake tuliona malengelenge madogo yaliyojikusanya pamoja, ambayo jana hayakuwapo, au yalikuwapo nasi hatukuyatambua. Tukamwuliza kama akiugua malaria hutokwa na vidonda midomoni. "Kila mara, sista." Tutarudi kwenye jibu hilo baadaye.

LEZA NI KITU GANI?

Leza ni mwanga. Watu wengi husema "mionzi", wakaogopa kwamba ni kama ile ya eksirei, lakini sivyo. Mwanga wa jua au wa taa umechanganyika rangi nyingi na hutawanyika kila upande. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, nao husafiri ukiwa umekusanyika, kiasi kwamba unaweza kuelekezwa mahali padogo kuliko ncha ya sindano. Mashine ya kwanza ya leza iliwashwa na Mmarekani Theodore Maiman mwaka 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitengeneza leza ya gesi ya kaboni dioksaidi, na aina hiyo inatumika kwenye ngozi mpaka leo.

Mwanga huo hunywewa na maji. Ngozi yetu ina maji mengi, kwa hiyo leza inapoipiga, maji yaliyomo huchemka ghafla na kuwa mvuke, na tabaka la ngozi huondoka nayo. Yaani, tusifiche maneno, ni kuungua. Tofauti yake na ajali ya jikoni ni kwamba kuungua huku kumepimwa: kina kinajulikana, muda unajulikana. Mwili ukiona jeraha huanza kujenga nyuzi mpya za ngozi ya ndani, na nyuzi hizo mpya ndizo zinazoinua mashimo ya chunusi na kulainisha makovu. Asiyejeruhiwa hapati faida hiyo. Kwa hiyo anayeahidiwa leza ya namna hii "isiyouma hata kidogo na isiyo na kidonda" na aulize vizuri anauziwa nini.

Zamani leza ya aina hii iliondoa ngozi ya juu ya uso mzima. Mwaka 2004 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza njia nyingine ya kupiga vijitundu vingi na kuacha ngozi nzima katikati yake. Ni kama mkulima anayechimba mashimo ya kupandia mahindi bila kulima shamba lote. Ngozi iliyobaki kati ya tundu na tundu ndiyo inayofunika vidonda haraka. Hizo ndizo nukta tulizoziona.

Zipo pia leza za kuondoa nywele na za kupunguza madoa. Hizi hazichomi maji, hutafuta rangi. Na hapa ndipo sisi wenye ngozi nyeusi tunapopaswa kuwa macho, kwa sababu rangi nyeusi hunywa mwanga. Simama juani saa saba mchana ukiwa na shati jeusi utaelewa. Leza iliyotengwa kwa ajili ya nywele inaweza kukutana kwanza na weusi wa ngozi yenyewe na kuiunguza. Wataalamu hutumia kwetu leza ya mwanga unaopita zaidi ndani bila kunywewa sana na rangi ya juu, hasa ile ya nanomita 1064, kwa nguvu ndogo na kwa kupoza ngozi. Mashine nzuri kwa Mzungu si lazima iwe nzuri kwetu.

MAUMIVU YANA RATIBA YAKE

Hili ndilo tungependa kila mama na kila dada alishike. Maumivu ya leza huja kwa mpangilio, na anayeujua mpangilio huo atatambua siku mambo yanapokwenda kombo.

Wakati wa matibabu, leza nyepesi huhisiwa kama mpira wa kufungia noti ukivutwa na kuachiwa juu ya ngozi, tena na tena. Leza ya kina huuma zaidi, ndiyo maana mtu hupakwa kwanza dawa ya ganzi kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, au hudungwa sindano ya ganzi. Ganzi ikiisha, uso huwaka kama umekaribia mdomo wa tanuri. Huo ni moto wa saa kadhaa. Kwa leza ya vijitundu siku ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa leza iliyoondoa ngozi nzima maumivu makali yanaweza kukaa siku 2 au 3.

Uvimbe hauendi sawa na maumivu, na jambo hili huwatisha watu. Maumivu yanapungua huku uvimbe unaongezeka! Asubuhi ya pili au ya tatu macho yanaweza kufumba kabisa. Hilo ni la kawaida iwapo hakuna homa wala usaha, na mgonjwa akilala kichwa kikiwa juu ya mito 2 au 3 uvimbe hushuka mapema. Katika siku hizo majimaji mepesi ya rangi ya maji au njano hafifu hutoka. Kisha, kati ya siku ya 3 na ya 7, vijinukta vya kahawia kama machicha ya kahawa huanza kubanduka vyenyewe. Leza ya vijitundu mara nyingi hufunga kidonda ndani ya wiki moja, ile ya uso mzima ndani ya siku 7 hadi 14. Shingo, kifua na migongo ya mikono hupona polepole kuliko uso, kwa sababu ngozi mpya huchipua pia kutoka kwenye mashina ya nywele na vitezi vya mafuta, na uso una vingi.

Baada ya maumivu huja mwasho. Mwasho huu unachosha kuliko maumivu yenyewe, na usiku mtu hujikuna bila kujua. Kata kucha. Wengine tumewavalisha soksi safi mikononi wakati wa kulala, wakatucheka, lakini asubuhi wakashukuru.

Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli inatosha. Mtu mzima ameze vidonge 2 vya miligramu 500, mara 3 au 4 kwa siku, visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana aulize kwanza. Aspirini tunaikataza siku hizi za mwanzo kwa kuwa huzidisha kutoka damu, isipokuwa kama umeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo. Hapo usiiache kwa uamuzi wako. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi yaliyochemshwa, ukikiweka dakika 10 kwa wakati, husaidia kuliko watu wanavyodhani. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Ngozi hiyo haina ulinzi, na barafu nayo huunguza.

Sasa shika hili: maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakipungua kisha yakapanda tena baada ya siku ya 2 au ya 3, kama ya binti yetu, usiongeze vidonge. Njoo hospitali siku hiyohiyo.

DAWA YA GANZI SI MAFUTA YA KUJIPAKA

Tuna neno kidogo hapa kwa sababu krimu hizi zinauzwa ovyo. Dawa ya ganzi ya kupaka, mara nyingi lignokaini ambayo wengine huiita lidokaini, hupenya ngozi na kuingia katika damu. Ikiwa kidogo, haina neno. Ikipakwa eneo kubwa, ikiwa kali, tena ikafunikwa kwa plastiki, inaweza kufika kwenye ubongo na moyo. Mwezi wa Februari 2007 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25, kufariki. Walikuwa wamejipaka krimu kali ya ganzi miguuni na kuifunika kwa plastiki wakijiandaa kuondolewa nywele kwa leza. Walipata degedege, wakazimia, wasiamke tena. Midomo ikifa ganzi ghafla, masikio yakivuma, mtu akisikia kizunguzungu au kutetemeka, krimu ifutwe mara moja na mtu akimbizwe hospitali.

KUTUNZA KIDONDA NYUMBANI

Wazee wetu walisema kidonda kiache kikauke. Hata sisi tulipokuwa chuoni wauguzi wakongwe walitufundisha kukianika. Lakini mwaka 1962 mtafiti mmoja Mwingereza, George Winter, alikuwa tayari ameonyesha kwa kutumia nguruwe kwamba kidonda chepesi kilichofunikwa na kubaki na unyevunyevu hufunikwa na ngozi mpya karibu mara mbili ya haraka kuliko kilichoachwa wazi. Sababu yake inaeleweka. Ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni. Ikikuta gamba gumu lazima ichimbe njia chini yake, ikikuta unyevu huteleza. Na kidonda chenye unyevu hakiumi kama kile kikavu kinachopasuka kila mtu anapocheka au kutafuna.

Basi fanya hivi. Chemsha maji, yafunike, yapoe. Nawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, na anayesaidia naye anawe. Mwagia uso maji hayo, au gusa kwa gauzi iliyoloweshwa, bila kusugua, asubuhi na jioni, na mara zaidi kama majimaji ni mengi. Kausha kwa kugusagusa kwa kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi. Halafu paka vaselini nyeupe isiyo na manukato, tabaka jembamba linalong'aa, mpaka ngozi ifunge. Chota kwa kijiko safi, usiingize vidole katika kopo ambalo nyumba nzima hupaka miguuni. Afadhali ununue kikopo kidogo kipya. Bei yake si kitu ukilinganisha na ile ya leza.

Tunayoyakuta kwenye nyuso za watu yangetosha kujaza duka: dawa ya meno, yai bichi, samli, majivu, asali ya kichupa kisichojulikana kimetoka wapi, mafuta ya breki! Dawa ya meno hupoza kwa dakika moja kisha huchoma. Spiriti huua ngozi changa. Ile dawa ya zambarau tunayoipenda sana, jivii, hukausha kidonda na inaweza kuacha rangi usoni, tena hutuzuia sisi wauguzi kuona kilicho chini yake. Na unga wa kapsuli, akina mama, tafadhali sana. Kapsuli imetengenezwa imezwe. Ikinyunyizwa juu ya kidonda huganda na majimaji, hufungia vijidudu ndani, na wengine hupata mzio unaowavimbisha. Mama wa binti yetu alifanya kwa upendo, na hatukumkaripia.

Usibandue magamba. Gamba lililobanduliwa kabla ya wakati huacha doa au shimo, na mashimo ndiyo yaliyompeleka mtu huko kwa gharama yote hiyo. Kwa wiki moja au mbili mwondoleeni kazi ya jikoni. Mvuke wa sufuria na joto la mkaa huamsha uvimbe upya, na moshi hukwaruza ngozi isiyo na kifuniko. Dada mwingine asonge ugali. Foronya ibadilishwe kila siku. Vipodozi visiguse uso mpaka ngozi iwe imefunga kabisa.

DALILI ZA HATARI

Vijidudu vya usaha huingia mara nyingi katika wiki ya kwanza. Utaona maumivu yanapanda, majimaji yanakuwa mazito ya njano au kijani, harufu inatoka, joto la mwili linapanda. Fangasi huja baadaye kidogo, kwa mwasho mkali na vijipele vyeupe.

Sasa turudi kwa binti na malaria yake. Vile vidonda vya midomoni vinavyotoka wakati wa homa husababishwa na kirusi cha hepesi. Mtu akishaambukizwa, mara nyingi tangu utotoni, kirusi hicho hulala katika mishipa ya fahamu ya uso na kuamka mwili unapopata misukosuko, kama homa au jua kali. Leza nayo humwamsha. Kwenye midomo mizima hutoa vidonda vichache na kupona. Kwenye uso ambao ngozi yake ya juu imeondolewa, kinaweza kusambaa shavu zima na kuacha makovu, na kikifika jichoni ni hatari kwa kuona. Dalili yake ni moto na mchomo mkali kuliko kidonda kinavyoonekana, na malengelenge madogo yaliyojikusanya, au vijidonda vya duara kama vilivyotobolewa. Wakati mwingine malengelenge hayaonekani, ni maumivu tu. Kwa sababu hiyo madaktari huwapa wanaofanyiwa leza ya kina usoni dawa ya kuzuia, kama asikloviri, kabla ya leza na siku kadhaa baada yake. Binti yetu hakuulizwa kama hupata vidonda hivyo, na kama swali lilikuwa katika zile kurasa 2 za Kiingereza, halikumsaidia.

Daktari wetu alimwandikia asikloviri asubuhi ileile, pamoja na dawa ya usaha. Tulimlaza siku 5. Siku ya pili maumivu yalianza kushuka, na kidonda chote kilifunga siku ya 16 tangu afanyiwe leza.

Wenye kisukari, wanaotumia dawa za VVU, na wanaotumia dawa za kupunguza kinga wawahi zaidi, wasingoje dalili zikomae. Na jicho likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, usingoje hata asubuhi.

WEUSI UNAOKUJA BAADAYE

Wengi hudhani kidonda kikifunga kazi imekwisha. Kwa ngozi nyeusi kazi ya pili ndiyo inaanza. Ngozi yetu ikijeruhiwa hujibu kwa kumwaga rangi, na baada ya leza weusi huo hujitokeza mara nyingi karibu na wiki ya 3 au ya 4, wakati mtu ameshaanza kufurahia. Kwa binti yetu ulitokea wiki ya 4, siku chache kabla ya arusi. Mashavu yakawa na mabaka kama ramani. Alilia kuliko alivyolia siku ya kuoshwa.

Weusi huu si kovu. Kwa wengi hufifia wenyewe kwa miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka. Kinachouzuia kufifia ni jua, kusugua, na haraka ya mwenyewe. Tunaiogopa haraka hiyo kuliko yote, maana hapo ndipo mtu hukimbilia krimu za kujichubua. Nyingi za hizo zina zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo hufanya ngozi kuwa nyembamba, huotesha chunusi upya, na zebaki huharibu figo. Anayetoka kwenye leza akaingia kwenye krimu hizo amepaka sumu juu ya ngozi changa.

Kinga ya kwanza ni kivuli: kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, kanga iliyovutwa mbele. Ngozi ikishafunga, mafuta ya kuzuia jua ya kiwango cha 30 au zaidi yapakwe kila asubuhi na kurudiwa kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Yale yenye rangi ya udongo hutufaa zaidi, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao huongeza weusi kwenye ngozi kama yetu. Mtu akituambia kwamba mafuta ya jua ni ya Wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino tu, tunamwambia kwamba ngozi mpya ya leza haijapata ulinzi wake bado.

Jambo lingine ni kovu linalokua, yaani kiloidi. Likianza huwa ni mahali pagumu, pananyanyuka, pananyuka na kuwasha au kuchoma wiki kadhaa baada ya kidonda kufunga. Likiwahiwa, daktari ana sindano ya kulituliza. Likiachwa mwaka, ni kazi nyingine.

KABLA YA KWENDA

Hatumkatazi mtu. Tumeona leza zikilainisha makovu ya moto yaliyokaza shingo, na mashimo ya chunusi yanaweza kumwumiza kijana moyoni kuliko wazazi wanavyojua. Lakini uliza. Nani ataishika mashine, na amesomea ngozi? Amewahi kutibu ngozi nyeusi kama yangu? Atajaribu kwanza mahali padogo, pembeni ya taya, na kungoja wiki kadhaa aone kama panakuwa peusi? Macho yangu yatafunikwa kwa nini? Nikipata shida siku ya 5 nitampigia nani? Anayekasirika kwa maswali haya amekwisha kujibu.

Wewe nawe sema ukweli wako: kama una mimba, kama wewe au ndugu zako huota kiloidi, kama hutokwa na vidonda midomoni, kama unatumia vidonge vya chunusi vya aisotretinoini, kama umekuwa ukijichubua. Wenye madoa ya mashavuni yaliyoanza wakati wa ujauzito wajue kwamba madoa hayo mara nyingi hurudi baada ya leza, pengine yakiwa meusi zaidi. Na anayeishi mbali na wataalamu akumbuke kwamba Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na wataalamu waliosomea hapo wamesambaa katika hospitali nyingi za nchi yetu na za jirani. Kabla ya kulipa kliniki ya urembo, mwone mmoja wao. Huenda chunusi zenyewe bado hazijakoma, na kurekebisha mashimo wakati chunusi zinaendelea kuchimba mengine ni kupoteza fedha.

Binti yetu alihudhuria arusi. Alisimama kwenye picha akiwa na mabaka yake, kanga ya sare ikiwa kichwani badala ya mabegani ili kumkinga na jua. Baba yake, tuliyekuwa tumeambiwa angegomba, alikuja naye kliniki mwezi wa 3, akakaa benchini na kumshikia mwavuli wakati wa kurudi. Mwezi wa 7 weusi ulikuwa umebaki kivuli tu upande wa kushoto. Mashimo yamepungua, hasa yale mapana. Mawili karibu na mdomo, mahali pa malengelenge, ni mapya. Kule mjini wamemwambia arudi kwa awamu ya pili. Tulimshauri asiende mpaka kivuli hicho kiishe kabisa, na akienda, ameze asikloviri kama daktari atakavyomwandikia, na ile karatasi ya maelekezo ailete kwetu kwanza tuisome pamoja.